Kisa: Tiketi mbili za daraja la kwanza, kiti kikabaki kimoja

Majina, shirika, miji na namba za ndege nimeviondoa. Hela nimezizungusha ili hesabu ifuatike bila kikokotoo. Mengine yamebaki yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo wahusika wenyewe hawazipendi sana.

Usuli

Wahusika ni mtu na mkewe, wastaafu wote wawili, tuwaite Baba na Mama tu. Safari ilikuwa ndege ya moja kwa moja, usiku kucha, kutoka uwanja mmoja mkubwa ndani ya Umoja wa Ulaya kwenda Asia, halafu kurudi, yote daraja la kwanza, na shirika lenyewe si la Ulaya (hilo likumbuke, mbele huko litakuwa na kazi). Si watu wa kupanda mbele kila mwezi hawa. Ilikuwa miaka arobaini ya ndoa, hela wameiweka pembeni kidogo kidogo, na Mama goti lake moja limefanyiwa upasuaji kwa hiyo kulala amejinyoosha haikuwa anasa kwake.

Tiketi walikata mapema mno, karibu mwaka mzima kabla, wakaipata kwa bei ya ofa. Ila kila mmoja alikatiwa ya kwake, bukingi mbili tofauti, kwa sababu kadi ya benki ya Baba ilifika kikomo baada ya tiketi ya kwanza ikabidi ya pili ilipiwe na kadi ya Mama. Siku ile halikuonekana kuwa jambo. Baba alikuwa na hadhi ya dhahabu kwenye mpango wa wasafiri wa shirika lile, mabaki ya miaka ya kazi, Mama hana hata namba ya uanachama.

Viti wakachagua 2E na 2F. Mpangilio wa mbele kule ni kiti kimoja dirishani, viwili katikati, kimoja dirisha la pili, kwa hiyo E na F ndiyo pea pekee ambayo watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega. Wakapiga skrinshoti, wakaituma kwa watoto, wakalala.

Mambo yalivyokwenda

Wiki saba hivi kabla ya safari Mama kafungua apu ya shirika kuangalia tu, akakuta kwenye kiti pameandikwa kitapangwa uwanjani. Kwake na kwa Baba vilevile. Akafungua ramani ya viti, yote imezibwa, hakuna hata kimoja cha kubonyeza. Hapo presha ikaanza. Usiku ule aliingia kwenye chati ya huduma kwa wateja akaambiwa asijali, viti vitarudi vyenyewe. Kesho yake kapiga simu, mwingine kamwambia ndege imejaa na hawezi kumuahidi kitu. Akapiga tena, wa tatu akamwambia tiketi yake ni sawa kabisa ila viti vinashikwa na uwanja. Watu watatu, majibu matatu, na ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa anasoma kipande chake cha skrini.

Walipokuja kwangu (kazi yangu ni tiketi na migogoro ya tiketi) kitu cha kwanza nilichoangalia hakikuwa ramani ya viti, ilikuwa aina ya ndege. Ilikuwa imebadilishwa. Ile ya mwanzo ilikuwa na viti 12 vya daraja la kwanza, iliyowekwa badala yake ina viti 8. Watu waliokwisha kuuziwa ni 10. Kwa hiyo hakuna aliyekosea kubonyeza kitu, viti vinne vimetoweka duniani na watu wawili wamezidi, basi.

Cha pili nikaangalia tiketi zenyewe. Zote bado hai, herufi ya daraja bado ni F (yaani daraja la kwanza), haijaguswa. Hii iliwapa pumzi kidogo maana kama shirika lingekuwa limeshawashusha kimya kimya herufi ingebadilika na tiketi ingetolewa upya.

Nikamwambia Mama awaombe wazifunganishe zile bukingi mbili. Wakaandika maelezo kwenye kila moja kwamba huyu anasafiri na yule. Mashirika mengi hayaunganishi bukingi mbili zikawa moja kweli kweli, wanaandika tu, na yale maandishi anayasoma binadamu akiamua kuyasoma, mashine inayopanga nani abaki na nani ashuke haiyajui.

Halafu likaja lile ambalo mpaka leo nadhani ndiyo lilikuwa kona ya kisa chote. Mtu wa simu, mmoja wa wale wazuri, akawaambia kwa kuwa ndege imebadilishwa na shirika lenyewe anaweza kuwahamishia safari ya siku inayofuata bila kulipa chochote, ile inaruka na ndege kubwa ya zamani, daraja la kwanza lina nafasi, na 2E na 2F zipo wazi. Wakafikiri siku mbili, wakakataa.

Masaa 48 kabla ya kuruka, chekini ya mtandaoni ikafunguliwa. Baba kapata 1K papo hapo na bodingi pasi ikashuka kwenye simu. Mama ikakataa. Ujumbe ukasema aonane na wafanyakazi uwanjani. Sasa kwa anayejua hizi mambo, ujumbe huo kwenye ndege iliyozidiwa si habari ya kawaida, maana yake kuna mtu kaandika jina lako kwenye orodha ya kufikiriwa.

Wakaenda uwanjani masaa manne na kitu kabla. Kaunta bado haijafunguliwa, wakasimama wa kwanza. Dada wa kaunta kamkabidhi Baba pasi ya karatasi, akamtazama Mama, akainua simu kumuita supavaiza. Supavaiza akaja na karatasi mbili mkononi.

"Mama, samahani sana, daraja la kwanza leo limezidi, tumekuwekea kiti kizuri sana bizinesi."

Kiti kizuri sana kilikuwa 14D. Karatasi ya kwanza ilikuwa voucha ya euro 500 kwa safari zijazo. Ya pili ilikuwa fomu ya kukubali, na katikati ya mistari yake kuna maneno kwamba abiria ameridhia kwa hiari yake kusafiri daraja la chini. Kalamu ikawekwa juu yake.

Baba akalipuka. Akatoa simu, akaonyesha ile skrinshoti ya 2E na 2F, akaionyesha tena, dakika kama ishirini zikaenda hapo, "hivi viti tulichagua mwaka jana!" na supavaiza anarudia vilevile kwamba kuchagua kiti siyo dhamana ya kiti. Na kwa hilo supavaiza alikuwa sahihi, imeandikwa kwenye masharti ya usafirishaji ya karibu kila shirika. Mama ndiye aliyenipigia, sauti ya chini, mkono mwingine kalamu.

Walichoamua na kwa nini

Kukataa safari ya kesho yake. Sababu zao zilikuwa za kibinadamu: hoteli ya usiku wa kwanza ilikuwa hairudishi hela na dada yake Mama alikuwa anawapokea siku ile ile. Pia, na hili Baba alilisema wazi, aliamini mtu wa dhahabu hashushwi. Yeye kweli hakushushwa. Ila bukingi ya Mama ilikuwa haijui kwamba ameolewa na mtu wa dhahabu.

Kutosaini fomu. Nilimwambia aweke kalamu chini, aseme kwa upole kabisa kwamba anapanda kwa sababu hakuna kiti kingine na siyo kwa hiari, na amuombe supavaiza aandike hivyo. Sheria ya Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004, inasema fidia italipwa kwa hela taslimu au benki, na voucha ni pale tu abiria anapokubali kwa saini. Kanuni hiyo hiyo inakataza shirika kumfanya abiria aachie haki zake kwa karatasi ya namna hii, kwa hiyo hata aliyesaini bado anaweza kudai. Lakini kwa nini umpe mtu kitu cha kubishania? Neno hiari likishakuwa na saini yako chini utalisoma tena kwenye kila barua watakayokujibu.

Supavaiza alikataa kuandika kwenye fomu yake, ila akakubali kuandika kwa mkono kwenye nyuma ya risiti ya mzigo: ameshushwa kutoka F kwenda bizinesi, ndege imebadilishwa, tarehe, sahihi. Mistari miwili. Mama kaipiga picha pale pale kabla hajaikunja.

Kubaki na huduma za ardhini. Mama aliuliza kama launji ya daraja la kwanza bado ni yake, na mizigo ibaki na lebo ya kipaumbele. Akapewa vyote bila ubishi. Watu wengi hawaulizi, wanadhani wakishushwa kiti wameshushwa kila kitu kuanzia mlangoni.

Nani akae wapi. Baba alitaka kumwachia mkewe 1K, na kaunta walikuwa tayari kubadilisha majina kwenye mfumo, dakika moja tu wanasema. Hapa nikawaomba wasibadilishe. Ukibadilisha majina pale kaunta, aliyeshushwa kwenye kumbukumbu anakuwa Baba, na Baba ndiye aliyeomba mwenyewe, basi madai yote yameingia ukungu. Tukakubaliana kila mtu apande na pasi yake, wakishafika ndani waongee na mkuu wa wahudumu. Kuna mashirika hayaruhusu kabisa watu wa madaraja mawili kubadilishana, kwa hiyo niliwaambia wajiandae kwa jibu la hapana. Mkuu wa wahudumu alipoona goti na pasi mbili za familia moja alisema sawa, baada ya ndege kutulia hewani. Mama akalala 1K, Baba akaenda 14D kutazama sinema na hasira zake.

Matokeo

Madai yaliandikwa kwa jina la Mama wiki waliyofika. Jibu la kwanza la shirika lilikuja kwa imeili yenye maneno matamu mengi na hesabu moja ya ajabu: tofauti ya nauli ni sifuri. Sifuri vipi? Walichukua bei ya ofa aliyolipa Mama mwaka mmoja nyuma kwa daraja la kwanza, wakaitoa kwenye bei kamili ya bizinesi inayobadilishika, ile ya siku ya kuruka, ambayo ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo Mama alikuwa nusura adaiwe yeye. Wakaongeza voucha kutoka 500 hadi 700 na maili kadhaa za uanachama ambao hana.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Ibara ya 10 ya kanuni 261 haizungumzii tofauti ya nauli popote, inataja asilimia ya bei ya tiketi: 30 kwa safari za kilomita 1,500 kushuka chini, 50 kwa za kati mpaka kilomita 3,500 na zile za ndani ya Umoja wa Ulaya zinazozidi 1,500, na 75 kwa zilizobaki. Safari ya Mama ipo kwenye 75. Na kuhusu bei ya tiketi ni ipi, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishalisema tarehe 22 Juni 2016, kesi C-255/15: unachukua bei ya kipande kile cha safari alichoshushwa, kama hakijaandikwa peke yake unagawa kwa umbali, na kodi na tozo ambazo haziangalii daraja unaziondoa kwanza.

Basi hesabu ya Mama: tiketi ya kwenda na kurudi euro 6,400. Kodi na tozo za aina ile 400, zinabaki 6,000. Kwenda na kurudi umbali ni mmoja, nusu ni 3,000. Asilimia 75 ya hiyo ni 2,250.

Kanuni inasema ilipwe ndani ya siku 7. Haikulipwa ndani ya siku 7, ililipwa baada ya miezi kama miwili, benki, 2,250 kamili, bila voucha. Tulikuwa tumeshaandaa malalamiko ya kwenda kwenye mamlaka ya nchi ya uwanja ule lakini hayakuhitajika. Barua ya mwisho ya shirika haikueleza kwa nini ile sifuri iligeuka. Sikuuliza.

Uchambuzi

Nianze na kitu kinachochanganya wengi. Watu wakisikia ndege imezidiwa wanafikiri shirika limeuza viti hewa kwa tamaa. Huko nyuma ya ndege kwenye viti mia mbili na zaidi ndiyo, wanauza zaidi kwa makusudi kwa sababu kila safari kuna wasiotokea, na ukikosea kwa watu watatu wanne unanunua wa kujitolea kubaki na maisha yanaendelea. Mbele kabisa kwenye viti 8 hesabu hiyo ni hatari zaidi, mtu mmoja aliyezidi ni sehemu ya nane ya chumba chote. Ninavyoziona kesi, wanaoshushwa kutoka daraja la kwanza wanaponzwa zaidi na ndege kubadilishwa, au kiti kimoja kuharibika, mkanda haufungi au kitanda hakirudi wima, na kiti cha namna hiyo hakiruhusiwi kukaliwa wakati wa kupaa. Chukua mfano wa wazi ambao si wa kisa hiki: Emirates wenye A380 ya daraja la kwanza wanaweka viti 14 mbele, Boeing 777 zao zina 8 au 6. Shirika lolote lenye ndege za aina mbili namna hiyo likipeleka moja kwenye safari ya nyingine, tofauti inakaa mabegani mwa abiria.

Kwa hiyo muda wa Mama wa kuchungulia ramani ya viti kila usiku ulikuwa unaangalia dirisha lisilo lake. Ramani ya viti haisemi chumba kimejaa au la. Viti vinazibwa kwa ajili ya wenye hadhi, kwa ajili ya vitanda vya watoto wachanga, kwa ajili ya wafanyakazi kupumzika, na vingine uwanja unashika tu hadi siku yenyewe. Ramani inaweza kuonekana imejaa na watu wapo wanne, inaweza kuonekana wazi na watu wamezidi ila hawajachagua viti. Vitu vilivyokuwa vinasema ukweli ni viwili: aina ya ndege iliyoandikwa kwenye safari, na herufi ya daraja kwenye tiketi. Vyote viwili vinaonekana bila kumpigia mtu simu. Laiti angeangalia aina ya ndege siku ile ya kwanza asingehitaji chati wala zile simu mbili.

Bukingi mbili ndizo zilizomponza. Wanapochagua nani ashuke mashirika kwa kawaida wanaanza na waliopanda kwa apgredi (waliopandishwa kutoka daraja la chini) na tiketi za wafanyakazi, halafu wanaangalia hadhi, nauli, na nani alichekini lini. Mama kwenye mfumo alikuwa abiria mmoja, peke yake, nauli ya ofa, hana uanachama. Kwa mashine huyo ndiye mwepesi kuliko wote. Kama wangekuwa bukingi moja kuna uwezekano mkubwa hadhi ya Baba ingewafunika wote wawili, siyo uhakika, ila mashirika hayapendi kutenganisha watu wa bukingi moja maana ugomvi unakuwa mara mbili. Na kumjaza Mama namba ya uanachama ni kazi ya dakika tano, bure, hata ya ngazi ya chini kabisa. Tulifanya kwa safari ya kurudi, ya kwenda ilikuwa tayari ishapangwa.

Kuhusu ile nafasi ya kuhamia siku inayofuata, mimi ningechukua. Ndege ikishabadilishwa na viti vimepungua chini ya watu waliouziwa, hapo si bahati nasibu tena, ni suala la majina tu. Hoteli ya usiku mmoja ingewauma, lakini ungeilinganisha na nini? Wao walilinganisha hoteli na wasiwasi, wakati walitakiwa kulinganisha hoteli na uwezekano wa Mama kukaa masaa kumi na moja mahali ambapo hakulipia. Ukweli mwingine ambao watu hawapendi kuusikia ni kwamba uhamisho wa bure unapatikana mapema, simu ikipigwa wiki ya mwisho zile nafasi zimeshachukuliwa na wale abiria wengine.

Dakika ishirini za Baba na skrinshoti hazikuleta kitu. Si kwamba alikosea kukasirika, ila aligombania kitu ambacho hakuwa na haki nacho, namba ya kiti, na akaacha kile alichokuwa na haki nacho, daraja lililoandikwa kwenye tiketi. Supavaiza anaweza kukujibu kuhusu 2E mpaka asubuhi. Ukimuuliza "kwenye kumbukumbu zenu umeandika sababu gani ya kumshusha huyu, na naomba niandikie", hapo ndipo anabadilisha mkao. Ile mistari miwili nyuma ya risiti ya mzigo, wino wa bluu, ilifanya kazi kuliko skrinshoti zote, kwa sababu shirika lilipojaribu kwenye imeili ya kwanza kusema Mama "alikubali mpangilio mbadala", tuliambatanisha picha hiyo na sentensi hiyo haikurudi tena.

Kuja mapema kulisaidia lakini si kwa namna walivyotegemea. Hawakukuta kiti. Walikuta muda. Supavaiza alikuwa bado hana foleni nyuma yao, akasikiliza, akaandika. Yule abiria mwingine aliyezidi alifika saa moja kabla ya geti kufungwa na kwa alivyonisimulia Mama alisaini kila kitu alichowekewa mbele.

Sasa kuhusu sheria, msiibebe hii kama ilivyo kila mahali. Kanuni 261 inahusu ndege inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, shirika liwe la nchi yoyote, au inayoingia Umoja wa Ulaya ikiwa shirika ni la huko. Uingereza ilibaki na kanuni ya kwake inayofanana baada ya kujitoa. Na kisingizio cha hali isiyo ya kawaida, dhoruba, ubovu wa ghafla, ambacho mashirika wanakitumia kwenye ndege zilizochelewa au kufutwa, kwenye ibara ya kushushwa daraja hakipo. Marekani mambo ni tofauti kabisa, hakuna asilimia. Zile fidia kubwa za kunyimwa kupanda hazimhusu aliyepanda akakaa daraja la chini, huyo anastahili tofauti ya nauli tu, ila kwa kanuni za mwaka 2024 kushushwa daraja kunahesabika kama badiliko kubwa, ukikataa kusafiri hela yako yote inarudi, ndani ya siku 7 za kazi kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, siku 20 za kalenda kwa njia nyingine. Kwa hiyo kule uamuzi mgumu unaufanya ukiwa umesimama kaunta, hapa Ulaya unaweza kupanda kwanza ukadai baadaye.

Na hilo ndilo lilitupeleka kwenye safari ya kurudi. Kurudi walikuwa wanaondoka Asia na shirika lisilo la Ulaya, maana yake kanuni 261 haiwagusi, wakishushwa wanabaki na masharti ya shirika na ile hesabu yake ya sifuri. Ndege ya kurudi nayo ilikuwa imebadilishwa kuwa ile ya viti 8. Safari hii Mama hakusubiri ramani ya viti, akapiga simu akiwa hotelini, akasema ndege mmebadilisha wenyewe, nataka siku ambayo ile kubwa inaruka. Wakapewa, siku mbili mbele, bila kulipa. Viti vya katikati vilikuwa vimeshachukuliwa, wakapangiwa 3A na 3K, kila mtu dirisha lake na chumba kizima katikati yao, na Baba safari hii hakupiga skrinshoti.